Chai peke yake mpaka saa kumi: tumbo tupu la asubuhi linafanya nini kwa akili ya mutu muzima?

Katika miji na vijiji vyetu vya mashariki, watu wazima wengi wanatoka nyumbani asubuhi bila kutia kitu kinywani, ao na kikombe kimoja tu cha chai bila maziwa. Wanaenda kuhesabu pesa, kuendesha pikipiki, kufundisha, kugawa dawa. Je, akili inafanya kazi namna gani wakati tumbo liko tupu? Uchunguzi juu ya jambo hilo uko, na jibu lake litawashangaza wengi. Lakini sehemu kubwa ya uchunguzi huo ilifanywa kwa watu wenye walikula vizuri jana yake jioni. Hapo ndipo hesabu yetu inakuwa tofauti.

Saa ine sokoni

Tumufikirie mama mumoja anayeuzisha sambaza kando ya ziwa Kivu. Iko saa ine ya asubuhi. Mununuzi anamupatia noti ya dolari 10. Bei iko kwa franga. Mama anapaswa kukumbuka dolari inabadilishwa kwa franga ngapi leo, ageuze bei, atoe, kisha arudishe sehemu moja kwa dolari na ingine kwa franga. Katikati ya hesabu, mutu mwingine anauliza bei ya ndagala. Pembeni amesimama yule aliyemupatia mali kwa mukopo jana, anangoja pesa yake. Hakuna karatasi, hakuna kalkuleta. Kila kitu kiko kichwani.

Kosa moja la franga elfu chache linaweza kula faida ya beseni zima.

Mama huyo alikula jana saa moja ya jioni: bugali na sombe kidogo, juu watoto walipaswa kushiba kwanza. Leo alitoka kabla ya jua na chai ya sukari. Atakula tena akirudi nyumbani, saa kumi ya muchana, kama sambaza zimeisha. Ukihesabu, kutoka sahani moja mpaka ingine ni masaa 21. Akikosea hesabu, watu watasema amechoka, ao hajue biashara. Wachache tu watauliza alikula saa ngapi.

Mama huyo haiko peke yake. Kuko motari anayengoja apate wateja wawili watatu mbele ya kujinunulia kitu. Kuko mwalimu anayeingia katika darasa la watoto 60 na chaki mukononi na tumbo tupu. Kuko munganga anayetoka zamu ya usiku. Wote wanafanya kazi inayoomba kukumbuka na kuwa makini. Na kwetu lugha yenyewe inasema wazi: chakula cha asubuhi tunakiita « kunywa chai ». Hatusemi kula.

Ubongo unakula kila saa

Ubongo wa mutu muzima ni mudogo: karibu 2 kwa mia ya uzito wa mwili. Lakini hata mutu akiwa anapumzika, ubongo unatumia karibu 20 kwa mia ya nguvu zote za mwili. Chakula chake cha kawaida ni glukozi, ile sukari inayotembea ndani ya damu. Kwa siku moja unatumia gramu 120 hivi. Ubongo hauna gala lake la kutosha. Unategemea kile ambacho damu inauletea dakika kwa dakika.

Usiku, wakati tumelala, ini ndilo linafanya kazi hiyo. Linafungua akiba yake ya sukari, ambayo kwa mutu aliyekula vizuri inafikia gramu 100 hivi, na kuitoa pole pole. Ndiyo sababu mutu anaweza kulala masaa manane na kuamuka akiwa na akili zake. Asubuhi akiba hiyo imepunguka sana. Lakini hilo halimaanishe kama ubongo unabaki bila kitu. Mwili unaanza kutengeneza glukozi kwa vitu vingine, na kuchoma mafuta. Masaa yakiendelea zaidi, ubongo wenyewe unaanza kutumia kile kinachotoka katika mafuta hayo.

Kwa hiyo, mwili wa mutu muzima haukuumbwa ili uanguke kwa sababu ya kikombe kimoja cha uji kilichokosekana. Kuko njia ya kwanza, kuko na njia ya pili. Swali ni hili: njia ya pili inatosha mpaka wakati gani, na kwa mutu wa namna gani?

Wachunguzi walipata nini

Katika mwaka wa 2016, wachunguzi wawili wa Marekani, Rachel Galioto na Mary Beth Spitznagel, walipitia uchunguzi 38 uliofanywa kwa watu wazima juu ya chakula cha asubuhi na akili. Walitaka kujua: yule aliyekula na yule asiyekula, nani anafanya vizuri zaidi katika majaribio ya kukumbuka, kuwa makini, kupanga mambo na kutumia lugha?

Kwa upande wa kukumbuka, wenye walikula walikuwa na faida. Faida hiyo ilikuwa ndogo, lakini ilirudia kuonekana. Ilionekana zaidi katika jambo moja: unasomewa maneno, unapewa kazi ingine, kisha unaombwa uyaseme tena. Ndiyo ile kazi ya kila siku ya kukumbuka kile ulichoambiwa nusu saa iliyopita. Munganga alisema vidonge viwili asubuhi, kimoja jioni. Mukubwa wa kazi alisema mufuko wa tatu ni wa mutu fulani. Muteja alisema nitarudi na deni la franga kiasi fulani.

Kwa upande wa kuwa makini na kupanga mambo, matokeo yaligawanyika: uchunguzi fulani uliona faida, mwingine haukuona kitu. Kwa upande wa lugha, hakukuonekana tofauti.

Kisha, katika mwaka wa 2025, David Moreau wa Chuo Kikuu cha Auckland, kule New Zealand, na mwenzake Christoph Bamberg walifanya hesabu kubwa zaidi. Waliunganisha uchunguzi zaidi ya 60, uliohusu watu karibu 3,500, wakilinganisha wenye njaa na wenye kushiba. Jibu lao kwa mutu muzima mwenye afya: kwa ujumla, kukosa chakula kwa muda mufupi hakuharibu akili. Kwa hiyo, yule anayesema kama mutu asiyekunywa chai asubuhi hawezi kufikiri, anapita kipimo.

Lakini wachunguzi hao waliona mambo matatu ambayo sisi tunapaswa kuyasoma mara mbili.

La kwanza: muda ukipita masaa 12, akili ilianza kupunguka kidogo. La pili: watoto waliumia zaidi kuliko watu wazima. La tatu: wenye njaa walipata shida zaidi wakati jaribio lilikuwa na picha ao maneno ya chakula. Njaa ilivuta macho na mawazo yao upande huo.

Sasa rudia kwa mama wetu wa sambaza. Yeye hayuko kwa masaa 12, yuko anaelekea 21. Na kazi yake yote inafanyika katikati ya chakula: sambaza mbele yake, mandazi yanayokaangwa pembeni, maharagi yanayochemuka katika malewa ya jirani.

Asubuhi inaanza jana jioni

Hapa ndipo tunapaswa kuacha kuzungumuza juu ya asubuhi peke yake. Mutu wa Auckland aliyekula saa moja ya jioni nyama, muchele na matunda, kisha akaruka chai ya asubuhi na kula saa sita, amekaa masaa 17 bila chakula. Lakini akiba yake ilikuwa imejaa wakati alipolala. Mutu wa kwetu aliyelala na bugali kidogo anaamuka na akiba ambayo haikujaa tangu mwanzo. Kikombe ni kimoja kile kile kilichokosekana, lakini miili haiko sawa.

Kuko pia habari nzuri ndani ya jambo hilo. Katika miaka ya 1980, munganga David Jenkins na wenzake, kule Toronto nchini Kanada, walionyesha kama chakula cha jamii ya maharagi kinasaidia mwili kusimamia sukari hata katika chakula kinachofuata. Wengine waliokuja nyuma yao waliona jambo hilo linaweza kuvuka usiku: kile ulichokula jioni kinabadilisha namna mwili unapokea chakula cha asubuhi. Maharagi yanashuka pole pole, na kile kisichoyeyuka kinaendelea kufanya kazi tumboni wakati umelala.

Kwa lugha ya nyumbani: sahani ya maharagi ya jioni inalipa mara mbili. Inalipa usiku, inalipa na asubuhi. Kama pesa inatosha kwa chakula kimoja tu chenye nguvu kwa siku, usikilale na bugali na chumvi ukisema nitakula vizuri kesho. Na kama maharagi yamebaki, hayo ndiyo chakula cha asubuhi kizuri kuliko mandazi mengi. Wazee wetu waliokula viporo mbele ya kwenda shambani hawakuwa wanakosea.

Ndani ya kikombe na ndani ya sahani

Chai yenye vijiko vine vya sukari na andazi moja la unga mweupe vinafanya nini? Vinapandisha sukari ya damu mbio. Mutu anasikia amefunguka macho. Mwili unajibu mbio vilevile na kuishusha. Kisha saa moja ao mbili njaa imerudia, na wakati mwingine inarudi pamoja na usingizi na hasira ndogo ndogo. Chakula kinachoshuka pole pole, kama uji wa mutama, ulezi ao unga wa masoso wenye soja, maharagi, karanga, yai, maziwa ya mashanza, kinatoa sukari kidogo kidogo kwa muda murefu. Juu ya aina ya chakula, uchunguzi kwa watu wazima ni muchache kuliko ule wa kula ao kutokula, na haujatoa bado jibu la hakika kama kile kisichopandisha sukari kwa haraka kinaisaidia akili zaidi.

Chai yenyewe iko na jambo lingine ambalo wengi hawajue. Vitu vilivyo ndani ya majani ya chai vinakamata madini ya chuma ya chakula tumboni, na mwili hauyapokee vizuri. Chuma ndicho kinajenga damu. Mwanamuke mwenye upungufu wa chuma anachoka mbio, na anaweza kuwa na shida ya kukumbuka na kuwa makini hata kama hajaanza kuonekana mugonjwa. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kutangazwa mwaka wa 2007 ulionyesha kama wanawake vijana waliokuwa na upungufu huo walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya akili kisha kutibiwa. Kwa hiyo chai na maharagi visikutane katika dakika ile ile. Kula kwanza, chai ije saa moja nyuma. Na ukiweka ndimu, chungwa ao marakuja pembeni ya lenga-lenga, mwili unapokea chuma vizuri zaidi.

Kahawa je? Milima yetu ya Kalehe, Idjwi na Lubero inalima kahawa inayonywewa Ulaya na Marekani. Kahawa inaamusha kweli, lakini haiko chakula. Inaficha uchovu, haiuondoe. Mwenye kunywa kahawa tupu mpaka muchana anakopa nguvu ambazo atazilipa jioni.

Tuseme na lile ambalo watu wanaliongea kwa sauti ya chini. Kuko wanaoanza siku na kasiksi ao kanyanga, wakisema inatoa baridi na inashikilia tumbo. Pombe inazuia ini kutengeneza sukari mupya, wakati ule ule akiba ya usiku imekwisha. Sukari ya damu inaweza kushuka mpaka mutu atetemeke, achanganyikiwe, azimie. Na pombe inaharibu moja kwa moja kazi ya ubongo ya kuandika kumbukumbu. Kwa motari ao muchimba madini, hilo si jambo la sifa mbaya tu, ni jambo la kufa na kupona.

Njaa inaiteka akili

Kuko jaribio moja la zamani ambalo linafaa kujulikana kwetu. Mwishoni mwa vita ya pili ya dunia, kati ya mwaka wa 1944 na 1945, munganga Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, aliwalisha wanaume 36 waliojitolea chakula kidogo kwa miezi sita. Alitaka kujua namna ya kusaidia watu wa Ulaya waliokuwa na njaa ya vita. Wanaume hao walikonda sana. Walisema hawawezi tena kuwa makini, hawawezi kusoma kitabu mpaka mwisho. Walizungumuza juu ya chakula muchana na usiku, waliota chakula, wengine walikusanya vitabu vya upishi. Lakini walipopewa majaribio ya akili, matokeo hayakuanguka namna walivyofikiri.

Hilo linatufundisha nini? Njaa haikuwageuza wajinga. Akili yao ilikuwa pale pale, lakini ilikuwa imetekwa na kitu kimoja. Mutu aliyekonda kwa njaa haikupoteza hekima yake. Hekima yake inafanya kazi ingine: leo tutakula nini?

Katika mwaka wa 2013, wachunguzi wengine walitangaza kazi yao juu ya walimaji wa miwa 464 wa Tamil Nadu, nchini India. Waliwapima mbele ya mavuno, wakati pesa imekwisha, na kisha mavuno, wakati pesa iko. Watu wale wale walifanya vizuri zaidi kisha mavuno. Wachunguzi walisema wasiwasi wa pesa wenyewe unajaza kichwa. Wasomi walibishana sana juu ya kazi hiyo, lakini kila muzazi wa kwetu aliyelala akihesabu pesa ya masomo anajua ni jambo gani linazungumuzwa.

Tunasema hivi kwa sababu katika mikutano mingi wakimbizi wa vita, wamama wa soko na vijana wa kubeba mizigo wanahukumiwa mbio: hawasikilize, wanasahau, hawafuate masharti. Mara nyingi wanafundishwa saa tano ya asubuhi mutu asiyekula tangu jana.

Nani alipunguza sahani yetu?

Tusifanye kama ni jambo la mutu kuchagua vibaya. Mwezi wa tatu wa mwaka wa 2025, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula, PAM na FAO, yalitangaza kama watu karibu milioni 28 katika Kongo yetu walikuwa na njaa kali. Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini, Ituri na Tanganyika zilikuwa kati ya provinsi zilizoumia zaidi.

Sababu zinajulikana. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Benki zilifunga milango, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vikafungwa, wenye mushahara wakabaki bila njia ya kuuchukua. Masisi na Rutshuru, zilizokuwa zinalisha miji kwa maharagi, viazi na maziwa, ziliona walimaji wakikimbia wakati wa kupanda. Kule Beni, Lubero, Irumu na Mambasa, watu wa ADF wanaua walimaji ndani ya mashamba yao. Mutu anachagua kati ya muhogo wake na maisha yake. Kule Djugu, vita ya makundi ya silaha imefanya vilevile. Na kwenye njia, kila kizuizi kinaongeza kitu juu ya bei ya mufuko wa unga.

Njaa hiyo yote inafika mezani asubuhi. Wazazi ndio wanapunguza kwanza: wanaacha chai ili watoto wapate, kisha wanaacha chakula cha muchana. Misaada inapokuja, inaangalia watoto wa chini ya miaka mitano na wamama wenye mimba. Ni haki, juu hao wanaweza kufa mbio. Lakini mutu muzima anayetafutia nyumba nzima anabaki hahesabiwe, na makosa yake ya uchovu yanalipwa na nyumba nzima.

Nini kinawezekana na mufuko mudogo

Hatuwezi kumwambia mutu asiye na kitu akule mayai. Lakini wenye kupata kidogo wanaweza kukigawa kwa akili zaidi. Mambo haya hayaombe pesa nyingi.

Kwanza, punguza masaa. Kama unakula mara mbili kwa siku, usiache masaa 20 katikati. Chakula cha jioni na kitu kidogo mbele ya saa ine ni bora kuliko vyakula viwili vilivyokaribiana kati ya saa kumi na saa mbili ya usiku. Waislamu wa Kindu na Kasongo wanalijua jambo hilo kila Ramadhani: mwenye kuamuka na kula daku anafanya kazi tofauti na yule aliyelala akairuka.

Pili, ongeza kitu ndani ya kile unachokula tayari. Kama ni uji wa mahindi ao muhogo, changanya unga wa soja uliokaangwa ao karanga zilizosagwa. Kama ni andazi, tafuta karanga za mukono mumoja pembeni, ao avoka wakati wa musimu. Karanga zenye kuvunda ao zenye rangi ya kijani tupa, ziko na sumu. Viazi vitamu na maharagi ya jana vinashinda mukate mweupe na sukari.

Tatu, muhogo muchungu usiharakishwe. Wakati wa vita na njaa, watu wanaupunguzia siku za maji ili wakule mbio. Hapo ndipo sumu inabaki. Ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu kwa gafula na kwa maisha yote, ulionekana kule Burhinyi, katika Kivu ya Kusini, wakati wa miaka ya vita. Na uchunguzi uliofanywa Kahemba, kusini-magharibi mwa inchi, ulionyesha kama sumu hiyo inagusa hata kukumbuka kwa watoto. Uweke ndani ya maji siku tatu ao zaidi, kisha uanikwe vizuri juani.

Ine, kunywa maji yaliyochemushwa ao kutiwa dawa. Mutu aliyekauka anasikia kichwa kinauma na mawazo yanatawanyika, kisha anafikiri ni njaa peke yake.

Tano, mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini ao vidonge asiruke chakula kisha kuchukua dawa kama kawaida. Azungumuze na munganga wake. Kwa huyo, tumbo tupu linaweza kumuangusha njiani.

Sita, tumieni umoja mulio nao. Katika masoko yetu, likelemba inajulikana: kila mutu anatoa kidogo, mumoja anapokea kwa zamu. Wamama kumi wanaotoa kila mumoja pesa ya andazi moja wanaweza kununua unga wa masoso, sukari kidogo na makaa, na kupika sufuria moja ya uji sokoni. Nyungu moja inatumia makaa machache kuliko mafiga kumi. Vilevile kwa motari wa kituo kimoja na kwa walimu wa masomo moja.

Kwa wenye kupanga

Kuko na wale ambao wako na uwezo wa kubadilisha saa za wengine. Mukubwa wa kazi anayewaita watu saa moja na kuwaachilia saa tisa bila pumziko anapoteza yeye mwenyewe: hesabu zinakosewa, vitu vinavunjika, watu wanaumia. Dakika 20 saa ine na kikombe cha uji vinagharimu kidogo kuliko kosa moja kubwa. Shirika linalofundisha watu waliokimbia vita linaweza kugawa uji mbele ya mafundisho, si kisha. Kituo cha afya kinaweza kueleza dawa pole pole, kumuomba mugonjwa arudilie maneno, na kumuandikia, juu kile kinachosikiwa na tumbo tupu ndicho kinasahauliwa kwanza.

Na wenye kushika silaha, ao wenye kuketi mezani kuzungumuzia amani, wanapaswa kusikia hili pia. Njia inayofunguliwa kati ya shamba na soko, kizuizi kinachoondolewa, benki inayofungua mulango: hayo yanafika mpaka ndani ya kikombe cha asubuhi. Mama wa sambaza hahitaji kufundishwa hesabu. Anaijua kuliko wengi wetu. Anahitaji kuianza siku akiwa na kitu tumboni.

Kesho asubuhi, ukimuona amekosea franga zako, mbele ya kumukasirikia, muulize kama amekunywa chai.